Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makaburi na mahekalu ya Luxor: maji kwanza, milango mipya baadaye

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale wa Misri, Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Mambo ya Kale, Mheshimiwa Gavana wa Luxor, na wakaguzi wote wa ukingo wa mashariki na wa magharibi.

Waheshimiwa,

Tunaoandika ni mafundi wa kutunza majengo ya kale, wachoraji wa michongo na waongozaji wa wageni tunaotumia Kiswahili, wengi wetu tukitoka nchi ambazo maji yake huingia katika Nile, mto uleule unaopita mbele ya mahekalu ya Karnak. Ombi letu ni fupi: kila bajeti ya Luxor ianze na maji. Kuna maji yaliyo chini ya misingi, kuna ya mvua yanayoshuka makorongoni, na kuna mvuke unaotoka puani mwa wageni ndani ya makaburi. Sherehe za kufungua kaburi jipya, taa za usiku na barabara pana zisubiri mpaka hayo yapate fedha, yapate watu wa kuulizwa, na yawe na vipimo vinavyotangazwa hadharani.

Luxor ndiyo Thebes ya kale, na imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979 pamoja na makaburi yake. Mashariki ya mto kuna Karnak na hekalu la Luxor. Magharibi kuna Bonde la Wafalme, Bonde la Malkia, makaburi ya wakuu zaidi ya 400 yenye namba, kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, na mahekalu ya kumbukumbu, kuanzia la Hatshepsut chini ya jabali la Deir el-Bahari hadi la Ramesses III kule Medinet Habu. Ninyi mnayajua haya kuliko sisi. Tunayataja ili msomaji ambaye hajafika auone mzigo mliotwishwa.

Tuanzie chini ya ardhi, maana huko ndiko hasara kubwa inakotokea bila kelele.

Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, Nile ilifurika kila mwaka. Maji ya mafuriko na tope lake vilitoka zaidi nyanda za juu za Ethiopia, na maji ya Ziwa Victoria yakasaidia mto usikauke miezi iliyobaki. Ukumbi wa nguzo wa Karnak uliingiwa na maji ya mafuriko hayo. Kwa macho ilikuwa balaa, ila maji yale yalisuuza chumvi, kisha yakaondoka, na maji ya ardhini yakashuka nayo mita kadhaa hadi msimu mwingine. Sasa mashamba, hasa ya miwa, yanamwagiliwa mwaka mzima, mji umepanuka, majitaka yanapenya ardhini, na maji yamepata makazi ya kudumu karibu na misingi. Jiwe la mchanga lililojenga sehemu kubwa ya Karnak, ambalo lilichimbwa Gebel el-Silsila, huyavuta kwenda juu kama utambi wa taa unavyovuta mafuta.

Maji yenyewe hayali jiwe. Yanapanda yakiwa na chumvi ndani yake, yanafika mahali ambapo jua na upepo vinayakausha, yanageuka mvuke na kuiacha chumvi nyuma. Chumvi hiyo ikibaki juu ya uso wa jiwe, ni unga mweupe tu unaofagilika kwa brashi laini. Ikikaukia milimita chache ndani ya jiwe, fuwele zake hukua kwenye vitundu vidogo na kusukuma, na ngozi ya juu ya jiwe hubanduka. Ngozi hiyo ndiyo yenye michongo. Basi jiwe la tani kadhaa linaweza kubaki imara kabisa huku uso wa Farao uliochongwa juu yake ukimwagika chini kama mchanga. Ndiyo maana hatupendi kusikia taarifa inayosema "jengo liko salama". Jengo linaweza kusimama miaka 1,000 mingine likiwa limeshapoteza kila kilicholifanya lihesabiwe.

Mkaguzi anayetaka kulishuhudia hili hahitaji mashine. Achague nguzo moja, aweke karatasi nyeupe pembeni mwa kitako chake, aizungushie mawe madogo upepo usiichukue, arudi baada ya wiki. Punje zitakazokuwa juu ya karatasi ni nguzo yenyewe. Azikusanye, azipime kwa mizani ya dukani ya vito, aandike tarehe. Akifanya hivyo kila mwezi kwa nguzo kumi, atakuwa na ushahidi kuliko ripoti nyingi zenye jalada zuri. Atazame pia mstari mweupe unaoizunguka nguzo: juu yake jiwe ni kavu, chini yake lina unyevu, na uharibifu mbaya zaidi uko kwenye mstari wenyewe na kiganja kimoja juu na chini yake. Mstari ukipanda mwaka hadi mwaka, pampu haifanyi kazi, hata kama inanguruma.

Misingi nayo ni dhaifu kuliko majengo yanavyoonekana. Nguzo 12 za kati za ule ukumbi wa Karnak zina urefu wa mita 21 hivi, na nyingine 122 zinazizunguka, lakini chini yake hakuna mwamba. Kuna mawe madogo yaliyopangwa kwenye mitaro juu ya mchanga na tope. Tarehe 3 Oktoba 1899, nguzo 11 za ukumbi huo zilianguka. Georges Legrain, Mfaransa aliyesimamia kazi za Karnak, na wafanyakazi wake walizisimamisha upya kwa kazi ya miaka. Katika hekalu la Luxor, nguzo za ua wa Amenhotep III zililegea mpaka ikabidi zibomolewe kipande kwa kipande na kujengwa tena katika miaka ya 1990; na walipokuwa wakipima udongo wa ua huo mwaka 1989 ndipo wakakutana na shimo la sanamu zinazopamba makumbusho ya Luxor leo. Kupima udongo kuna faida zake.

Mitaro ya kushusha maji ya ardhini ilikamilika 2006 kwa Karnak na Luxor, na baadaye ukingo wa magharibi ukapata ya kwake. Tunaishukuru kazi hiyo na tunaitetea mbele ya wanaoiona ghali. Mabomba yenye matundu yamezikwa kuzunguka mahekalu, maji yanajikusanya kwa mteremko hadi kwenye kituo cha pampu, kisha yanatolewa. Hofu yetu iko kwenye miaka inayofuata, kwa sababu mfumo wa namna hii huzeeka kimyakimya na kuna makosa manne yanayojulikana.

La kwanza ni kukauka haraka mno. Maji yakishushwa kwa ghafla, chumvi yote iliyokuwa imeyeyuka ukutani huganda kwa pamoja, na miezi ya mwanzo uharibifu huongezeka badala ya kupungua. Mafundi wa brashi na dawa wanatakiwa wawepo siku pampu inapowashwa, na siku yoyote inapowashwa tena baada ya kusimama kwa muda mrefu. La pili ni kuwasha na kuzima. Ukuta unaokaa umelowa muda wote huharibika polepole. Ukuta unaolowa na kukauka mara kumi kwa mwaka huharibika mara kumi. Kwa hiyo kituo chenye pampu moja bila ya akiba, au kisicho na jenereta, ni hatari kuliko kinavyodhaniwa. La tatu ni mabomba kufyonza udongo laini pamoja na maji. Kokoto na kitambaa cha kuchujia vinavyozunguka bomba vikichanika, mchanga huondoka chini ya msingi, na dalili ya kwanza ni maji ya kituoni kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa pampu akiiona rangi hiyo lazima ajue nani wa kumpigia simu usiku huohuo. La nne ni mizizi na matope kuziba matundu. Mabomba yanatakiwa kusafishwa kwa maji ya msukumo kwa ratiba, siyo mpaka yashindwe.

Tunaloomba hapa ni hili: visima vidogo vya kupimia, angalau vinne kila hekalu, viwili ndani ya eneo na viwili nje karibu na mashamba, vipimwe kila wiki kwa utepe uleule kutoka alama ileile ya chuma, na namba zibandikwe langoni pamoja na bei za tikiti. Mwananchi wa Luxor akiona maji yamepanda nusu mita tangu mwezi uliopita, atauliza. Aachwe aulize.

Kuhusu kuondoa chumvi iliyokwisha kuingia, tunaandika kwa undani kidogo kwa kuwa ndiko tunakoona nia njema ikiharibu. Kazi sahihi ni ya rojo la karatasi lililoloweshwa kwa maji yaliyoondolewa madini. Kwanza karatasi ya Kijapani inalazwa juu ya jiwe ili rojo lisishike. Kisha rojo linapakwa unene wa sentimita mbili hivi, linaachwa likauke lenyewe, linabanduliwa. Kipande chake kinatumbukizwa kwenye maji safi na maji hayo yanapimwa uwezo wa kupitisha umeme: chumvi ikiwa nyingi, namba inakuwa kubwa. Kazi inarudiwa mpaka namba iache kushuka. Lakini chanzo cha maji kikiwa hakijakatwa, rojo hilo litavuta chumvi mpya kutoka ardhini, na fundi atakuwa amelisha ugonjwa kwa mkono wake. Na dawa ya kuimarisha jiwe, iwe silikati au nyingine, ikipakwa kabla ya chumvi kutoka, inaifungia ndani. Baada ya miaka michache ngozi yote hutoka kama kipande kimoja kizito, pamoja na dawa.

Rojo hilo lisiguse kabisa makaburi yaliyopakwa rangi. Rangi za Thebes hazikupakwa kwenye chokaa mbichi. Ukuta ulipigwa lipu ya tope la Nile lenye mabua yaliyokatwakatwa, juu yake tabaka jembamba la jasi, na juu ya hapo rangi: udongo mwekundu na wa njano, masizi, na ile bluu iliyotengenezwa kwa kuoka mchanga, chokaa na shaba. Kilichozishikisha ni gundi, mara nyingi utomvu wa mgunga, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Kitambaa kibichi kikipita mara moja, kinatoka na rangi. Giovanni Belzoni, Mwitaliano mtafuta mambo ya kale aliyeingia kaburi la Seti I Oktoba 1817, alichukua nakala za michongo kwa kuigandamizia nta, na rangi ikaondoka nayo. Hakukusudia.

Sasa saruji. Karne ya 20 ilipofika, nyufa nyingi za Karnak zilijazwa saruji, kwa sababu ilikuwa rahisi, ngumu na ya kisasa. Ugumu wake ndio kosa. Ni nzito kuliko jiwe la mchanga, haipitishi unyevu, na ina chumvi zake. Maji yanayopanda yakikutana nayo yanakwepa na kutokea kwenye jiwe la pembeni, ambalo ndilo la kale. Baada ya miaka kadhaa kiraka kinabaki kizima na michongo inayokizunguka imeshaondoka. Wanaotunza magofu ya mawe ya matumbawe huko Kilwa na Lamu wanaufahamu mchezo huu. Viraka vya zamani vitolewe kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, hapana mashine ya kutetemesha, na vijazwe kwa chokaa na mchanga uliooshwa, laini kuliko jiwe linalozibwa. Kiraka kiharibike kwanza. Kazi yake ndiyo hiyo. Mikataba yote ya ukarabati iwe na sentensi moja inayokataza saruji ndani ya mita fulani kutoka jiwe la kale, vyoo, njia na misingi ya nguzo za taa vikiwemo.

Yako pia mawe yasiyo ukutani. Karnak na Luxor yana maelfu kwa maelfu ya vipande vilivyotolewa ndani ya malango na chini ya sakafu, vikiwemo vile vidogo vya Akhenaten vyenye urefu wa sentimita 52 hivi, ambavyo wafalme waliomfuata walivitumia kujazia minara ya malango. Kipande kikilazwa juu ya udongo, kinanyonya. Dawa yake haina ufundi mkubwa: baraza la matofali lenye tabaka la kuzuia unyevu juu yake, mawe yamepangwa juu kwa nafasi ya kupitisha hewa, uso wenye mchongo usitazame chini, na kila kipande kina namba iliyoandikwa mahali ambapo haitaonekana kikirudishwa ukutani. Kazi hii imefanyika vizuri katika hekalu la Luxor. Bado kuna mawe mengine chini, na kila majira ya baridi yanayopita yanapunguza maandishi.

Tuingie makaburini.

Mtu aliyesimama tu hutoa mvuke wa gramu 40 au zaidi kwa saa kwa pumzi na jasho. Aliyepanda na kushuka ngazi kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 anaweza kutoa 100. Wageni 1,000 wakikaa dakika kumi kila mmoja, hizo ni saa 167 za watu, yaani zaidi ya lita kumi za maji zilizomwagwa hewani ndani ya chumba kilichochongwa jangwani. Hewa ya jangwa ni kavu, na kuta zilizoea ukavu huo kwa zaidi ya miaka 3,000. Chumvi ya kawaida iliyomo kwenye mwamba wa chokaa na kwenye lipu huanza kuyeyuka kwa kunyonya unyevu wa hewani pale unyevu unapozidi asilimia 75. Usiku mlango unafungwa, hewa inakauka, chumvi inaganda upya. Kesho inayeyuka tena. Kila mzunguko unasukuma lipu mbali na mwamba kwa kiasi kisichoonekana, mpaka siku moja kipande cha ukubwa wa sahani kinaning'inia.

Kaburi la Malkia Nefertari, lililogunduliwa na Ernesto Schiaparelli mwaka 1904, ndilo somo kamili. Lina mita za mraba 520 za michoro. Ilipofika miaka ya 1980, chumvi ilikuwa imejitanda kati ya mwamba na lipu. Mafundi walishikiza vipande kwa zaidi ya vibandiko 10,000 vya karatasi ya Kijapani kabla hawajaanza hata kusafisha. Kazi iliendelea kuanzia 1986 hadi 1992. Lilipofunguliwa Novemba 1995, liliwekewa kikomo cha wageni 150 kwa siku, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Hesabu yetu ya hapo juu inatoa lita tatu hivi, ambazo mlango ukiwa wazi huweza kutoka. Namba 150 ilikuwa ya kisayansi. Namba yoyote inayowekwa kwa kuangalia kaunta ya tikiti ni ya kibiashara, na kuta hazijui biashara.

Tunapendekeza kwa hiyo kikomo kifuate kipimo. Kila kaburi lililo wazi liwe na vipima-unyevu vitatu: mlangoni, katikati, na chumba cha mwisho ambako hewa haizunguki. Skrini ndogo iwe nje mbele ya mlinzi. Unyevu wa chumba cha mwisho ukifika asilimia 60, foleni isimamishwe. Ukifika 65, mlango ufungwe mpaka ushuke chini ya 50, hata kama basi limefika sasa hivi kutoka Hurghada, kule Bahari ya Shamu. Vipima vipelekwe kusahihishwa kila mwaka, kwa sababu vumbi na joto huvidanganya, na kipima kinachosema uongo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Waongozaji waeleze kila kitu nje, kwenye kivuli, wakiwa na picha kubwa. Ndani watu wapite wakitazama. Anayesimama kupiga picha kila hatua mbili anaongeza mvuke wake na wa kumi walio nyuma yake.

Feni nazo zina taratibu zake. Feni inayopuliza ndani inaingiza vumbi la bondeni, na vumbi likitua juu ya rangi iliyolegea haliondoleki bila kuondoka na rangi. Inatakiwa kuvuta hewa kutoka chumba cha mwisho na kuitoa nje, polepole, hewa mpya ikiingia yenyewe mlangoni kupitia chujio. Katika kaburi la Tutankhamun mfumo mpya wa hewa, njia na jukwaa viliwekwa katika kazi iliyochukua muongo mmoja na kukamilika 2019. Kaburi lile ni dogo mno. Kila walichojifunza pale kinafaa kuhamishiwa makaburi mengine ambayo hayana jina kubwa wala mfadhili. Na kwa kuwa nakala kamili ya chumba chake cha mazishi ipo tangu 2014 karibu na nyumba ya Howard Carter, mgunduzi wa kaburi hilo, njiani kuelekea bondeni, iingizwe kwenye tikiti ya kawaida ya makaburi matatu bila nyongeza. Mgeni anaweza kukaa humo saa nzima na asimdhuru yeyote.

Maji ya mvua tutayasema kwa kifupi, ingawa yanaua kwa haraka zaidi. Mvua kubwa Luxor inaweza kukosekana kwa miaka mingi, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa afisa anaweza kustaafu bila kuiona. Mwishoni mwa 1994 ilinyesha, na Bonde la Wafalme likapitiwa na mafuriko. Kaburi la wana wa Ramesses II, namba KV5, ambalo mwanaakiolojia Kent Weeks na wenzake walilitafuta upya mwaka 1987 kwa sababu kulikuwa na mpango wa kupanua njia ya kuingilia bondeni, lilikuwa limejaa kifusi cha mafuriko ya zamani karibu na dari, na limeonekana kuwa na vyumba zaidi ya 120. Hebu fikirini kama ile barabara ingepanuliwa kwanza.

Hatari kubwa iko kwenye makaburi marefu. Sehemu za juu zimechongwa kwenye mwamba wa chokaa, lakini la Seti I lina mita 137, na vyumba vya mwisho vya makaburi ya namna hiyo vinafikia tabaka laini la udongo ulioganda, liitwalo la Esna. Likipata maji linavimba, linapasua nguzo na dari, na likikauka linasinyaa na kuacha nyufa. Wajenzi wa kale walichimba shimo refu katikati ya njia, ambalo pamoja na maana yake ya kidini lilikuwa likimeza maji. Belzoni alilijaza shimo la Seti I ili watu wapite, na mafuriko yaliyofuata yakateremka mpaka chini. Basi mashimo yote yaliyojazwa yachimbuliwe na kufunikwa madaraja mepesi. Kuta fupi zinazozunguka milango zikaguliwe kila Septemba. Ukuta usio na msingi husombwa na kugeuka kuwa kifusi kingine ndani ya kaburi. Kifusi cha uchimbaji wa miaka 100 iliyopita, ambacho kimeiinua sakafu ya bonde mpaka milango mingi ikawa chini ya njia ya maji, kianze kuondolewa, kikichekechwa kwanza. Na iandikwe wazi ni nani mwenye funguo usiku mawingu yakionekana upande wa magharibi, na viroba vya mchanga viko wapi.

Yote haya hayana maana bila rekodi. Madoa ya kahawia kwenye kuta za Tutankhamun yaliwatia watu hofu miaka mingi kwamba wageni wanayakuza. Yalipolinganishwa na picha alizopiga Harry Burton katika miaka ya 1920, ikaonekana hayajakua. Ni vijidudu vilivyokwisha kufa. Picha ya zamani ndiyo iliyotoa jibu. Kwa ukuta wenye michongo picha pekee haitoshi, na njia inayotumiwa na Chicago House, kituo cha Chuo Kikuu cha Chicago kilichoko Luxor, tangu ilipoanzishwa 1924 bado haijapata mpinzani: picha kubwa inachapishwa, mchoraji anakaa mbele ya ukuta na kuchora kwa penseli juu ya picha yenyewe, anatia wino, kisha picha inafutwa kwa dawa na kubakiza mistari. Nakala ya mistari hiyo inarudishwa ukutani, na wasomaji wawili wa maandishi, mmoja baada ya mwingine, wanasahihisha kila alama mpaka wakubaliane. Ukuta mmoja unaweza kuchukua misimu. Tunaomba iwe sheria kwamba hakuna ukuta utakaoguswa kwa dawa, chokaa au brashi kabla haujarekodiwa, na nakala ya rekodi ibaki Luxor kwa mkaguzi wa eneo, kwa Kiarabu.

La mwisho ni watu. Mlinzi wa kaburi ndiye anayeona kipande kikianguka. Mshahara wake ukiwa hautoshi, bakshishi ndiyo itakayoongoza kazi, na bakshishi hutolewa kwa kumpitisha mgeni nyuma ya kamba. Wakazi wa Qurna, kijiji cha ukingo wa magharibi, walihamishwa kutoka juu ya makaburi ya wakuu, nyumba zikabomolewa kuanzia mwisho wa 2006. Kuna sababu za kuwahamisha, lakini familia hizo ndizo zilizotoa mafundi wa uchimbaji kwa vizazi, na ujuzi wao wa miteremko ile haukuandikwa popote. Waajiriwe, wafundishwe kusoma vipima, walipwe tarehe inayojulikana. Mwaka wa 29 wa Ramesses III, mafundi wa Deir el-Medina waliacha kazi wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu kwa sababu posho yao ya nafaka ilikuwa imechelewa. Papiri iliyoandika mgomo huo iko Turin, na kila mkuu wa malipo angefaa kuwa na nakala ukutani kwake.

Msimu wa wageni huanza Oktoba. Kabla ya hapo tunaomba mambo matatu yatangazwe: vipimo vya maji ya ardhini vya miezi 12 iliyopita kwa Karnak, Luxor na Medinet Habu, unyevu wa juu kabisa uliowahi kupimwa katika kila kaburi lililo wazi pamoja na idadi ya wageni wa siku hiyo, na orodha ya kuta zinazotarajiwa kukarabatiwa pamoja na aina ya chokaa itakayotumika. Kama kuna ombi lolote humu mnalolikataa, tunaomba mlikatae kwa maandishi, kipimo chenu kikiwa kimeambatanishwa.

Wenu katika kazi,

Mafundi, wachoraji na waongozaji wanaotumia Kiswahili